Soko la Uyole kwa mzazi wa kijana aliyeacha nyama

Kijana anayekua kwa kasi na kuamua kula vyakula vya mimea pekee hahitaji duka la vyakula vya anasa. Hapa Mbeya anahitaji mzazi anayejua kuchagua sokoni. Binti yetu mwenye miaka 15 ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa, na tangu wakati huo manunuzi yetu mengi tunayafanya katika Soko la Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu.

Maharage ndiyo sababu yangu kubwa ya kulisifu soko hili. Yapo ya njano, ambayo baadhi ya mbegu zake zimetokana na kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo hapo Uyole, na yapo mekundu na ya rangi mchanganyiko. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 20 hivi, wakati msichana wa umri huo mwenye kilo 50 anahitaji takribani gramu 43 kwa siku. Kwa hiyo kande mchana na maharage kwa wali jioni huziba sehemu kubwa ya pengo. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, kwa sababu maharage ya zamani hayaivi vizuri, na katika mwinuko wetu, ambako maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, ugumu huo huongezeka. Muuzaji mmoja alituchanganyia ya misimu miwili katika sado moja, na nusu ya sufuria ikabaki ngumu. Sasa tunanunua kwa mama anayemruhusu mteja kuchambua kabla ya kupimiwa.

Unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa na kufungwa siupendekezi hata kidogo. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huweza kuwa na sumukuvu, na zikishasagwa huwezi kuona zile zilizooza. Nayo soya isiyopikwa vizuri ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Nunua soya na ulezi kila kimoja peke yake, chagua punje, kaanga soya nyumbani, ndipo upeleke mashineni. Ulezi una thamani ya pekee kwa mtoto asiyekunywa maziwa, kwani una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele.

Mboga za majani ni nyingi na za bei nafuu: chainizi, matembele, majani ya maboga. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, nayo ya mimea hufyonzwa kwa shida, hivyo kila fungu la mboga tunalinunua pamoja na limau, ambalo husaidia ufyonzwaji. Chai hupunguza ufyonzwaji huo, na ingawa sisi wa mkoa huu tunaipenda mno chai ya Rungwe, nyumbani imeondolewa mezani wakati wa chakula.

Kitu kimoja hakipatikani katika meza yoyote ya mboga sokoni, nacho ni vitamini B12 ya kutegemewa. Baadhi ya unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani huongezwa vitamini hiyo, lakini ni lazima usome mfuko. Sisi tumechagua vidonge vya duka la dawa, baada ya kuzungumza na daktari.