Vifuko na vifuniko vya hariri kwa fundi wa Mji wa Kale, Mombasa

Kaka yangu alipomwoza mwanawe mwezi wa Mfunguo Mosi, mimi kama shangazi wa bwana harusi ndiye niliyekabidhiwa shughuli ya masinia. Nilihitaji vifuniko vitatu vya kufunikia zawadi za bi harusi, mfuko wa msahafu uliokuwa sehemu ya mahari, vifuko 60 vya kutilia udi kwa ajili ya wageni wa kike, na kitambaa cha mfukoni cha bwana harusi mwenyewe. Kazi yote nilimpa fundi mmoja mwanamke anayeshona nyumbani kwake Mji wa Kale, si mbali na Mtaa wa Biashara. Sitamtaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kusifu. Hata hivyo wateja wake hupelekana wao kwa wao, na atakayemhitaji hatakosa wa kumwelekeza.

Nilifika kwake na yadi nane za kitambaa cha rangi ya dhahabu nilichouziwa dukani kwa jina la hariri safi. Fundi alikipapasa, akachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kwa kibiriti mbele yangu. Uliyeyuka, ukajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kisha akachomoa uzi wa kitambaa chake mwenyewe: huo uliungua polepole, ukazimika ulipoondolewa motoni, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha jivu lililosagika kati ya vidole. Nilichonunua kilikuwa poliesta iliyofumwa kwa mtindo wa satini, na satini, kama alivyonieleza, ni jina la ufumaji wala si jina la uzi, hivyo muuzaji akikwambia "satini" hajakudanganya, lakini akikwambia "hariri" una haki ya kuomba kibiriti. Angeweza kuninyamazia na kushona, kwani ujira wake ungekuwa ule ule. Badala yake alinishauri niifanye ile poliesta kuwa bitana, nikanunue hariri kwa ajili ya upande wa juu tu, na kwa ushauri huo nilinunua hariri kidogo kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Kuhusu mkono wake sina la kulalamika. Hariri huteleza juu ya meza kama kitu chenye uhai, na fundi asiyeizoea huishia na vipande visivyolingana. Yeye hutandika karatasi nyembamba chini yake na kukata vyote viwili kwa pamoja. Pini huzichoma ndani ya sehemu itakayofichwa na mshono peke yake, kwa sababu tundu la pini kwenye hariri halizibiki, na sindano ya cherehani hubadilisha na kuweka ile nyembamba namba 9. Vifuko vyote 60 vilishonwa mara mbili, kwanza kwa nje na kisha kwa ndani, ili kingo mbichi zifungiwe humo humo. Nilivigeuza kadhaa kwa makusudi nikitafuta uzi unaoning'inia, sikuupata. Pindo la vifuniko alilikunja kwa kuliviringisha baina ya vidole na kulishikiza kwa mkono, pindo lisilozidi upana wa punje ya mchele, na katika pembe, ambapo wengi huharibu, hapakuwa na kibonge hata kimoja. Mfuko wa msahafu ulidariziwa kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, hivyo nakshi zake huonekana pale tu mwanga unapoangukia ubavuni. Bi harusi alikaa nao mapajani muda mrefu.

Nilipotaja kitambaa cha bwana harusi, fundi aliweka mkasi chini. "Dada yangu, huyu atakivaa au atakiweka tu?" Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa pilikapilika, kwamba mwanamume wa Kiislamu havai hariri safi. Akatoa pamba nyeupe laini na kuizungushia ukingo mwembamba wa hariri, ndani ya kadiri ya vidole vinne ambayo wanazuoni huiruhusu, na kikapendeza kuliko nilivyokusudia.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza siku ya kupeleka masinia. Kwa desturi yetu wanawake walitangulia na mrashi, wakanyunyiza marashi, na matone yakatua juu ya vifuniko. Yalipokauka yaliacha madoa ya duara, yenye mzingo uliokoza, juu ya hariri yote. Tulipokuwa tukilaumiana nilimpigia simu fundi, naye akasema kwa utulivu kwamba hariri ndivyo ilivyo, na kwamba dawa yake ni kukitumbukiza kifuniko kizima katika maji baridi ili kikauke kwa usawa. Tulifanya hivyo baada ya harusi na madoa yakatoka, ila kifuniko kimoja kilipoteza mng'ao kidogo. Mtu anayeshonea harusi za Mombasa anajua fika kwamba mrashi hautakosekana. Onyo hilo lilipaswa kutolewa siku ya kuagiza, au kitambaa kiloweshwe kabla ya kukatwa, jambo ambalo baadaye alikiri kuwa huwafanyia wateja wanaoliomba.

Kasoro ya pili ni siku. Aliahidi Jumanne, nikapokea Alhamisi usiku, vifuko kumi vya mwisho vikiwa bado havijatiwa ugwe, nasi tukavitia wenyewe huku hina ikikauka mikononi. Sababu yake ilikuwa nguo za Idi zilizomlimbikia, na sababu hiyo ni ya kweli, lakini aliijua alipopokea arbuni yangu.

Ujira ulikuwa shilingi 250 kwa kila kifuko, kitambaa kikiwa changu, na vifuniko vilihesabiwa kwa kazi ya pindo. Si rahisi. Mabaki ya hariri, hata vipande vya upana wa kiganja, alinirudishia vyote vikiwa vimekunjwa ndani ya bahasha, jambo nisilolizoea kwa mafundi. Nimekwisha kumpelekea tena vipande hivyo anishonee vifuko vya arubaini ya mtoto, mara hii kwa siku niliyoiandika mwenyewe katika daftari lake, na kitambaa kimeloweshwa kwanza.