Mishale inayohama: kiashiria cha Nasdaq 100 nilichouziwa

Ni programu ndogo inayochora mishale ya kununua na kuuza kwenye chati ya bei ya Nasdaq 100, indeksi ya hisa za Marekani. Mishale yake haikosei kamwe, ukiitazama kesho yake. Shida yote ya kiashiria hiki iko hapo. Nimekilipia shilingi 6,500 kwa M-Pesa kwa wauzaji fulani wa hapa mjini, na nilipolalamika nikajibiwa, "Hiyo ni saikolojia yako, bosi."

Saikolojia! Mshale wa kijani, wa kununua, unatokea kwenye chati ya dakika 15 (kila mshumaa ni mwendo wa bei wa dakika 15), mshumaa unafunga, mishumaa mitatu baadaye mshale haupo. Umehamia chini kabisa, pale bei ilipogeukia. Ukijua fomula hizi hushangai: inatafuta kilele au bonde, na bonde halijulikani kuwa bonde mpaka mishumaa kadhaa ipite upande wa kulia. Ikihitaji mitatu, mshale umechelewa dakika 45, ila unachorwa nyuma uonekane uliwahi. Ndiyo maana matangazo yao yote ni chati za jana. Usiniamini mimi. Piga picha ya skrini kila mshumaa unapofunga, kuanzia New York inapofungua saa kumi na nusu jioni (saa kumi na moja na nusu Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma), kisha linganisha kesho yake. Mimi niliwatumia picha zangu. Baada ya ile saikolojia, nikatolewa kwenye grupu.

Na soko la siku hizi ndilo linalowaumbua. Limekuwa kama matatu stejini: dereva anakanyaga mafuta, inasogea mbele, inarudi nyuma, makanga anaapa tunatoka sasa hivi, na haijaenda popote. Chini ya mishale hiyo nimekuta MACD ya kawaida tu ya vipindi 12, 26, 9 (mistari miwili itokanayo na wastani wa bei, ikikatana ndiyo ishara ya kununua au kuuza), kitu ambacho hakuna anayekilipia. Kwenye dakika 15, vipindi 26, yaani mishumaa 26, ni saa sita na nusu, yaani kikao kizima cha New York. Indeksi inayopanda na kushuka ndani ya saa moja imeshamaliza safari mistari ikija kukatana. Unanunua juu, unauza chini, na spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, unailipa kila mara.

Siku kama hizo angalia kwanza ADX ya vipindi 14, inayopima nguvu ya mwelekeo wa soko. Ikiwa chini ya 20, achana kabisa na mistari kukatana. Weka Bollinger ya 20 na 2 (wastani wa vipindi 20 katikati, na kanda mbili juu na chini yake kwa mikengeuko sanifu 2), subiri mshumaa ufunge nje ya ukanda wa chini, halafu mwingine ufunge ndani huku RSI, kipimo cha kasi ya bei cha 0 hadi 100, ikirudi juu ya 30, hapo nunua. Kwa kuuza, geuza: ukanda wa juu, RSI ikishuka chini ya 70. Chukua faida kwenye mstari wa kati, usingoje ukanda wa pili. Kikomo cha hasara kiwe ATR moja (wastani wa upana wa mwendo wa bei kwa mshumaa) kupita utambi uliochomoza, ile ncha nyembamba ya mshumaa. Kama umbali huo ni pointi 40 na uko tayari kupoteza shilingi 500, unaingia na shilingi 12.50 kwa pointi, hata senti isizidi. Kanda zikianza kutanuka na mishumaa miwili ikafunga nje mfululizo, toka. Usingoje ADX ikuambie, nayo huchelewa.

Kina uzuri wowote? Haya, soko likishika njia moja mchana kutwa, mishale hukaa ilipo, na rangi zinasomeka vizuri hata kwenye simu ndogo. Hapo nilikuwa nimeandika nyota tatu. Kisha nikafikiria: siku kama hiyo hata wastani wa vipindi 50, uliomo bure kwenye programu yenyewe, unatosha. Basi mbili. Na yule bwana wa saikolojia alijibu kabla picha zangu hazijamaliza hata kupanda.

Moja.