Uzoefu wangu katika nyumba mbili za upataji nafuu

Nimeishi katika nyumba mbili za upataji nafuu, yaani za watu wanaoacha dawa za kulevya, zile ambazo mtaani tunaziita soba, na ninaandika haya kwa ajili ya familia ambayo iko karibu kulipa ada ya kwanza kwa ajili ya ndugu yao. Nilitumia heroini kwa miaka tisa nikiwa Temeke. Aliyenilipia mara zote mbili ni mama mdogo, na mara ya kwanza fedha yake ilipotea bure.

Nyumba ile ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilikuwa pembezoni mwa Dar es Salaam, ikiwa na ukuta mrefu, geti la chuma na kufuli. Na kwa kweli mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa tiba yote. Tulilala watu kumi na wanane katika vyumba viwili. Hapakuwa na masomo wala mshauri, na aliyekosea alimwagiwa maji usiku akalala na nguo mbichi. Ada ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na tulitakiwa kulipa miezi mitatu kwa mkupuo, jambo ambalo leo ningelitazama kwa mashaka. Nilitoka nikiwa na siku tisini bila unga, yaani heroini, na siku ya tano nilikuwa nimerudi maskani, kijiwe chetu cha kutumia.

Nyumba ya pili ilikuwa Bagamoyo, na tofauti niliiona kabla hata sijapokelewa. Msimamizi, ambaye mwenyewe aliwahi kutumia, alizungumza nami peke yangu, kisha akazungumza na mama mdogo peke yake, halafu akatutuma hospitali nipimwe kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kwa sababu nilikuwa mtu wa kujidunga. Ada ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi, mbali na godoro, shuka na ndoo ambavyo kila mtu alikuja navyo. Ni fedha nyingi kwa familia inayouza vitumbua, na sitajifanya kwamba ni nafuu.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, niliimalizia humo humo. Anayefikiri kwamba ni mafua makali hajawahi kuiona: viungo vinauma kana kwamba vinapondwa, tumbo linaharisha, usingizi unakataa kabisa, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Nilikaa nikishikiliwa kwa zamu na wenzangu wawili, wakininywesha uji mwepesi na maji ya chumvi na sukari, na hakuna aliyenifungia mlango. Baada ya wiki moja hivi mwili ulitulia, ingawa usingizi ulichelewa sana kurudi.

Ratiba ilianza saa kumi na moja alfajiri kwa ibada, kisha usafi, kisha kikao ambacho kila mtu alieleza ameamkaje. Masomo yalifuata hatua 12 za kuacha uraibu, ambazo zilichapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1939 kwa ajili ya walevi wa pombe. Nilidhani sehemu zinazomtaja Mungu ndizo zitakazoleta ubishi, lakini Waislamu na Wakristo wa nyumba ile hawakuona ugumu wowote. Ugumu ulikuwa katika hatua ya nane, inayokutaka uorodheshe watu uliowadhuru. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa cherehani ya mama mdogo, niliyoiuza kwa bei ya kete chache za heroini.

Kasoro zake pia nizitaje. Nyumba ilipokea wanaume tu, na dada mmoja tuliyemfahamu maskani hakupata pa kwenda. Zaidi ya hapo, haikumpokea mtu aliye kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, kwa hoja kwamba naye bado anatumia. Sikubaliani na hoja hiyo. Methadoni inatolewa Hospitali ya Muhimbili tangu mwaka 2011, bila malipo, kwa kawaida mgonjwa akiinywa kila siku mbele ya mhudumu, na nimeona watu waliosimama imara kwa dawa hiyo. Shida yao ni kwamba wakishakunywa wanarudi kulala hatua chache kutoka kwa muuzaji. Kliniki ina dawa lakini haina kitanda, na soba ina kitanda lakini haitaki dawa; katikati hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Kilichoniokoa, hata hivyo, ni miezi miwili ya mwisho, baada ya ile minne ya masomo. Niliruhusiwa kulipa nusu ya ada, kutoka asubuhi kwenda kubeba zege kwa fundi mmoja mjini, na kurudi kabla ya saa moja usiku, huku nikipimwa mkojo siku yoyote bila taarifa. Mwenzetu mmoja hakutaka kubaki kwa kipindi hicho. Alirudi nyumbani moja kwa moja, akatumia kipimo alichokizoea zamani, na mwili uliokwisha kukisahau haukukihimili. Tulimzika wiki ya pili.

Kwa hiyo, unapokwenda kuangalia nyumba, omba kuona usajili wake, kwa kuwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo inayozifuatilia. Omba pia kuzungumza na wanaoishi humo bila msimamizi kuwapo. Kisha uliza mtu akimaliza miezi yake atalala wapi usiku ule wa kwanza. Nyumba ya kwanza haikuwa na jibu la swali hilo, na sisi hatukujua kwamba linaulizwa.