Akili unde kwa intro za hadistaili: nimeijaribu, haya ndiyo maoni yangu

Napiga muziki kwenye kumbi za Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, na siku hizi nachanganya singeli na hadistaili (hardstyle), muziki wa dansi wa kielektroniki wa Uholanzi. Kinachoniumiza kichwa ni intro, yaani kipande cha mwanzo wa wimbo: sauti nzito ya mtu, vinanda vya kutisha, kimya kidogo, halafu ngoma ishuke. Nikalipia programu moja ya akili unde inayotunga muziki kwa kuandikiwa maelezo.

Kwa kutengeneza mazingira, nimeikubali. Unaandika "kwaya ya huzuni, radi, ziwa usiku", unapewa kitu ambacho mimi kwa kibodi ningekesha nacho.

Shida iko kwenye kiki, yaani lile pigo zito la ngoma ya besi. Kiki ya hadistaili inatakiwa ikwaruze na bado iwe na noti yake. Ya programu hii inalia kama debe. Mwendo nao unayumba. Naomba mapigo 150 kwa dakika, naletewa karibu na hapo, na kwa dijei "karibu na hapo" ni ugomvi na wimbo unaofuata. Singeli ya mapigo 200 na zaidi ndiyo haiijui kabisa.

Kiswahili chake sasa! "Mwanga" inatamka "Muwanga". Vijana wa Katubuka wangenizomea. Sauti narekodi mwenyewe kwa simu, nimejifunika blanketi, kisha naikoroga ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, na kuweka kiki yangu.

Ukitaka, lipia mwezi mmoja, jaza akiba ya vipande vya mwanzo, katisha. Na uwe na bando la kutosha, mafaili ya WAV (sauti isiyobanwa) yanakula.