Wino wa Sablimesheni au wa Kawaida kwa Printa ya Nyumbani

Maduka ya vifaa vya uchapaji katikati ya Nairobi huuza wino wa sablimesheni, yaani wa kuhamishia picha kwenye vitambaa na vikombe kwa joto, katika chupa zinazofanana sana na za wino wa kawaida, na si ajabu muuzaji kukuhakikishia kwamba printa yoyote ya matangi, yaani inayojazwa wino kwa chupa, itaukubali. Nimeutumia wa aina zote mbili nyumbani, kila mmoja katika printa yake ya Epson, na rai yangu ni kwamba mwenye printa moja asiuguse wa sablimesheni.

Kwenye vitambaa vya poliesta, hata hivyo, wino huu hauna mpinzani. Rangi zake, zikipashwa joto la takriban digrii 200 za Selisiasi chini ya mashine ya kukandamiza, hugeuka gesi bila kuyeyuka kwanza, zikapenya ndani ya nyuzi na kubaki humo. Ndiyo maana jezi ya timu ya mtaani hufuliwa mara nyingi bila picha kubanduka, na ukiipapasa huhisi chochote juu ya kitambaa. Wino wa kawaida uliohamishwa kwa karatasi maalumu huacha utando ambao hatimaye hupasuka. Kwenye kikombe tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa wa kawaida huondoka kwa maji, ilhali wa sablimesheni hudumu, mradi kikombe kiwe kimepakwa utando wa polima.

Pamba haifai. Fulana ya Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, isome kwanza lebo ya shingoni, na hata ikiwa ya poliesta isiwe nyeusi, kwa sababu wino huu hauna rangi nyeupe na hauwezi kufunika kitambaa cheusi.

Kasoro kubwa huonekana kwenye karatasi. Kabla ya kupashwa joto, rangi za sablimesheni huwa zimefifia na nyeusi huelekea kahawia, hivyo kazi ya shule ya mtoto hutoka kama nakala ya zamani. Kurudia wino wa kawaida kunahitaji kusafisha matangi, mirija na kichwa chote kinachorusha wino, na dhamana ya printa huwa imekwisha kupotea. Wenye Canon au HP wasijisumbue: nyingi za printa hizo huchemsha wino ndani ya kichwa ili kuurusha, ilhali Epson huusukuma bila joto.

Gharama nayo haiishii kwenye chupa. Pasi ya nguo haisambazi joto wala uzito sawasawa, kwa hiyo utahitaji mashine ya kukandamiza, na yenye ukubwa wa fulana hula zaidi ya wati 1,000. Tokeni za stima zitakukumbusha. Printa isiyotumika kwa wiki kadhaa huziba.

Kwa anayetaka biashara ya vikombe na jezi, ningependekeza printa ya pili ya matangi, au Epson SureColor F100, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imeundwa kwa wino huu, ingawa ni ghali zaidi.