Unanunua lori used? Anza na breki za kushukia mlima, hizi hapa kwa mpangilio wangu

Wakuu, mtu akienda kuangalia lori la kununua macho yote yako kwenye injini na matairi na kitanda cha kabini, breki anakanyaga mara mbili pale uwanjani, gari likisimama anasema iko poa. Hiyo ya mguu ni ya kusimamisha. Ya kushukia mlima ni nyingine kabisa na ndiyo ya kuulizia mapema.

Piga hesabu. Lori la tani 40 likishuka mteremko wa asilimia 7 kwa spidi 30 tu, uzito wake unasukuma kwa kilowati 200 na ushee, ukienda 60 zidisha mara mbili. Ukiishikilia nguvu hiyo kwa mguu yote inageuka joto kwenye dramu na lainingi (vile vibao vinavyobana dramu), dramu ikipata moto inatanuka inaikimbia lainingi, lainingi nayo inaanza kuteleza, unakanyaga mpaka chini na upepo wa breki upo lakini gari halisikii. Lainingi mpya ya jana haikuokoi hapo.

Kwa hiyo kila breki ya kusaidia mimi naiuliza swali moja, joto unalipeleka wapi?

Namba moja kwangu ni breki ya injini ya kompresheni, ile wengi wanaita Jake, aliyeibuni ni Clessie Cummins na kampuni ya Jacobs ikaiingiza sokoni 1961. Najua wengi wangeanza na ritada, kile kifaa cha kupunguza mwendo kinachoshika shafti, subirini. Ukiachia mafuta injini haipigi dizeli, pistoni inapanda inabana hewa na kule kubana kunakula nguvu ya gari, sasa hewa iliyobanwa ikiachwa ingeisukuma pistoni chini na kukurudishia nguvu ileile, ndiyo maana valvu ya egzosi, ya kutolea moshi, inafunguliwa kidogo pistoni ikikaribia juu kabisa, hewa inatoka pwaa na nguvu yako inatoka nayo. Sehemu kubwa ya joto inaishia nje kupitia bomba. Haikuongezei uzito wa maana wala haina oili yake ya kubadilisha. Ubaya wake ni kelele, sailensa ikiwa mbovu kijiji kizima kinaamka, na inataka RPM kubwa, yaani injini izunguke kwa kasi. Ukishuka na gia kubwa sindano iko 1,100 utasema haifanyi kazi, kumbe hujashusha gia.

Namba mbili ritada ya oili, kama Intarder ya ZF, zile za Voith na za Scania. Kwa nguvu hii ndiyo mbabe, hakuna ubishi. Ndani kuna kama feni mbili zinatazamana, moja inazunguka na shafti nyingine imefungwa haiendi popote, ukivuta kijiti oili inaingia katikati na ile inayozunguka inapata kazi ya kuisukuma. Kimya, laini, unavuta hatua moja moja mpaka spidi inakaa unapotaka. Ila joto linaenda kwenye oili, oili inalipeleka kwenye maji ya injini, maji yanalipeleka kwenye rejeta, na hapo ndipo lori used linapokuumbua. Niliwahi kukaa kabini ya lori la jamaa yangu, kijiti kiko hatua ya mwisho, tunashuka vizuri tu, nikaona sindano ya joto inapanda taratibu, ikafika karibu na nyekundu na ritada ikajipunguza yenyewe bila kuuliza mtu, maana imetengenezwa hivyo ili isichemshe injini. Lori likaanza kukimbia. Alikuwa na breki ya injini na gia chini, tukapona. Rejeta ilikuwa imeziba nusu. Ndiyo maana nimeiweka ya pili kwa anayenunua gari la zamani, ila kama unanunua jipya na njia zako ni milima kila siku chukua zote mbili.

Namba tatu ritada ya umeme, Telma ndiyo jina kubwa. Diski zinazunguka karibu na koili, ukiwasha sumaku inazishika bila kugusana na joto linaenda moja kwa moja hewani, rejeta haihusiki. Nzuri, lakini nzito, inakula umeme, na diski zikipata moto sana nguvu inashuka. Kwenye basi ina maana zaidi.

Ya mwisho breki ya egzosi peke yake, kipepeo, yaani kibao kilichomo ndani ya bomba la moshi, kinalifunga, hewa inarudi nyuma inaikaba pistoni. Gari dogo sawa, tani 40 hapana. Na kagua kipepeo, masizi hukigandisha.

Ukibeba mafuta usibahatishe. Kanuni ya R13 ya Umoja wa Mataifa ina kipimo cha IIA ambacho lori lenye mzigo full linatakiwa kuhimili mteremko wa asilimia 7 kwa kilomita 6, spidi 30, bila breki ya mguu kabisa. Muulize muuzaji kama gari lilitengenezwa kwa kiwango hicho.

Kwenye kujaribu, omba mteremko wa kweli na mzigo ikiwezekana, washa, ondoa mguu, shusha gia, usikie gari linavutwa nyuma. Kijiti kuwepo siyo ushahidi, kuna watu wamechomoa waya taa isiwake. Fungua maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, ukiona mafuta yanaelea huenda kipozeo cha oili ya ritada kimetoboka, ondoka. Hizi zote zinashika matairi ya difu tu, kwa hiyo siku ya mvua na tela tupu zima au weka hatua ya kwanza, la sivyo tela linakusukuma unakunjika. Na ukitia free kushuka, ile namba moja yangu hunayo tena.