Kigoma–Dar kwa ndege: angani sina neno, kaunta ndiyo kero

Kutoka uwanja wa Kigoma hadi ule wa Julius Nyerere ni kama kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka. Reli ya zamani inazidi 1,200, na treni inakula karibu siku mbili. Pangaboi, yaani ndege ya propela, likienda moja kwa moja ni saa mbili na ushee. Likipitia Tabora, jiandae kukaa ndani na mkanda wako huku wengine wanashuka, joto linakupika.

Wahudumu wa ndani wana adabu, sina neno. Kaunta ya mizigo sasa! Dagaa wangu niliwafunga nailoni mbili, nikawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikazungushia selotepu mpaka ikaisha. Dada akainusa: "Kaka, hii haipandi." Nyuma yangu mama mmoja kapita na dumu la mawese bila swali. Na mawese yakimwagika je?

Shirika silitaji. Tiketi ukiwahi kukata, bei inavumilika. Ukichelewa utauza kiwanja. Nitapanda tena, mikono mitupu. Dagaa walikuja kwa basi, wakafika salama.